Mkebe ya Ochieng' Imepata Mwenyewe

…basi ile mkebe nilikuwa nawaambia, ya majivu ya askari wa keya, jeshi ya Mwingereza, leo imepata mwenyewe!

Wenzangu, tangu Uhuru iko juu ya kabati kwa ofisi ya DC hapa Homa Bay. Jina imeandikwa: Ochieng', wa Uriri. Alikufa vita ya Burma, wakamchoma huko.

Sasa nani atachukua? Sisi Wajaluo hatuchomi mtu. Karani alikuwa ameshaandika barua, kesho irudi Nairobi.

Mimi nilikuwa nimepeleka chai tu. (Sawa, chai iliisha, nikakaa.)

Akaingia mama mzee na fimbo. Jina ya mkebe ilitangazwa kanisani, akasikia. Mama ya Ochieng' mwenyewe!

Karani akamwonyesha mkebe. Mama akatingisha kichwa.

"Huyo nilishazika. Hakurudi, tukazika yago mahali yake."

Mnajua yago, lile tunda refu tunazikaga badala ya mtu akifa mbali, mwili ikipotea.

Uwii! Mtu mmoja kaburi mbili, wapi!

Karani akasema pole pole, "Basi, Mama, irudi Nairobi."

"Irudi kwa nani? Yago ilikuwa inamshikia nafasi tu. Tutaitoa, yeye aingie."

Karani akaketi puu! Mimi nikapiga kigelegele mpaka DC akachungulia.

Mama akafunga mkebe mgongoni na leso, kama mtoto.

"Ochieng', twende. Tunda imechoka kukungoja."

Nililia, nikacheka. Hebu niambieni, nyinyi mngeweza—

Haya, haya, nakuja! Karani anaitana chai ingine.