Eliana aifufua Land Rover iliyomnyamazisha baba yake

Jogoo wa jirani bado anawika wakati Eliana Zefania anajilaza chali juu ya gunia na kujisogeza chini ya Land Rover. Mkono mmoja umeshika simu inayommulikia, mwingine umeshika spana.

"Baba, bomba hili la breki lilipita juu ya ekseli au chini?" anauliza.

"Juu," anajibu Mzee Zefania Alute, aliyekaa kwenye kiti cha kamba mlangoni. "Likipita chini mawe yatalikata."

Eliana, mwenye umri wa miaka 47, ni mwendesha mashine ya kukamua alizeti katika kijiji cha Ihanja, wilayani Ikungi. Msimu wa mavuno hulipwa Sh8,000 kwa siku. Mavuno yakiisha, anaweza kukaa miezi minne bila kazi. Ufundi wa injini aliupata hapo hapo kazini, kwa kufungua mashine zilizogoma huku wateja wakimsubiri na magunia yao.

Gari hili la petroli ni la mwaka 1968. Baba yake alilinunua likiwa limeshachoka, likawa gari pekee la kitongoji. Lilibeba mahindi, maharusi, wagonjwa na maiti. Machi 1993 aliliingiza bandani, akafunga mlango na kuweka ufunguo kwenye sanduku lake.

"Tulikua tukijua banda lile halifunguliwi," anasema Eliana. "Hata kuku akipenya na kutaga humo, mayai yaliozea huko huko."

Wanawe walijua nusu tu ya sababu. Jirani yao, Febronia, alikuwa na siku mbili za uchungu wa uzazi bila kujifungua. Zefania alimpakia yeye na mumewe, Isaka, kuwapeleka hospitali Singida Mjini. Mvua ilikuwa inanyesha. Gari likazimika porini. Isaka akakimbia kutafuta watu wa kusaidia. Aliporudi, mkewe alikuwa ameshakata roho, na mtoto bado yumo tumboni.

Mwaka huu, miguu ya Mzee Zefania ilipoanza kukataa kumbeba, Eliana alimwomba ruhusa ya kulitengeneza gari.

"Siku ya tatu akanipa ufunguo," anasimulia Eliana. "Akaniambia, 'Anza na pampu ya mafuta.' Basi."

Aliifungua siku hiyo hiyo. Mpira wa ndani, ule unaovuta petroli, ulikuwa umechanika, na juu yake kulikuwa na kiraka cha mpira wa baiskeli.

"Ningeweza kumwambia kutu imekula kila kitu, hakuna kinachoonekana. Lakini alikuwa anaitazama mikono yangu. Nikamwambia, 'Baba, ni kiraka kimeachia.' Akasema, 'Nilikibandika mwenyewe.'"

Hapo ndipo Mzee Zefania, sasa mwenye miaka 83, alipoeleza nusu ya pili. Wiki mbili kabla ya safari ile, fundi wa mjini alimwambia pampu haifai tena. Yeye akabandika kiraka, akasema ataibadilisha akishavuna.

Kulikuwa na jambo jingine. Isaka alipokwenda kutafuta msaada, Zefania alibaki na Febronia, na mama huyo alimwachia ujumbe.

"Alisema, 'Mwambie Isaka yule ng'ombe mwekundu asimuuze. Ni wa Maria, wa ada ya sekondari,'" anasema mzee huyo, akimtaja binti wa marehemu. "Kila nilipotaka kuufikisha, niliona lazima nianze na pampu. Nikashindwa."

Eliana alifanya kazi miezi saba, kila alipopata nafasi. Alimimina oili kwenye silinda, akaiacha wiki mbili, kisha akazungusha injini kwa mkono kidogo kidogo mpaka ikaachia. Alitoa viota vya panya, akakwangua kutu kwenye tangi, akaosha kabureta, akaagiza pampu mpya kutoka Dodoma. Mwezi Agosti injini ilikohoa, ikatoa moshi mweusi, ikazimika. Mara ya nne ikashika.

Mzee Zefania hakushangilia. Aliomba apandishwe kiti cha mbele. "Nipeleke kwa Isaka," alisema.

Breki zilikuwa bado hazijakamilika. Walikwenda kwa gia ya kwanza mpaka kitongoji cha pili, anakoishi Isaka siku hizi. Isaka, mwenye miaka 68, alisikia muungurumo huo akatoka nje.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Usinisaidie kushuka kwanza. Nisikilize."

Zefania akamweleza yote akiwa ndani ya gari, pampu kwanza, kisha maneno ya marehemu.

"Nilimuuza wiki ile ile, kwa ajili ya mazishi," alisema Isaka. "Miaka thelathini na moja, kaka, tunasalimiana kanisani."

"Ndiyo. Nisamehe kwa pampu. Kwa maneno niliyokunyima, sijui kama yanasameheka."

"Alisema jambo jingine?"

"Aliuliza kama umerudi."

Isaka alilia akiwa ameshika mlango wa gari. Hakusema amesamehe. Alitoa simu, akampigia Maria, binti yake, kisha akampa Zefania. "Mwambie wewe," alisema.

Maria ana miaka 43 na anauza vitunguu sokoni Singida Mjini. Alifaulu darasa la saba, akachaguliwa kwenda sekondari, akakosa ada.

"Nilikasirika, na hata sasa nina hasira," anasema. "Lakini nilikuwa nadhani mama aliondoka bila kunikumbuka. Sasa najua alinitaja."

Wiki iliyofuata Maria alifika Ihanja na kumwomba Eliana ampeleke mahali gari lilipozimika, yeye na wazee hao wawili, ili wasali na kuweka jiwe la kumbukumbu. Barabara mpya imepita kwingine, na mbali na wazee hao hakuna anayepajua.

Eliana anataka kumaliza breki, gari likaguliwe, likatiwe bima. Baadaye litabeba alizeti ili lijilipie matengenezo. Ila safari ya kwanza ni hiyo ya kuweka jiwe, na anaomba iwe kabla ya mvua za Novemba.

"Isaka ameshasema atakuja," anasema akifuta mikono kwa kitambaa. "Sikumuuliza atakaa wapi. Yeye mwenyewe ameniambia atakaa mbele, karibu na baba."