Geti Kwenye Njia ya Makaburi

Effie Buchanan aliendesha lori la kusukuma theluji kwenye barabara ya mlima Smokey kwa miaka ishirini na sita. Mimi nilikuwa utingo wake kwa majira tisa ya baridi. Kazi yangu ilikuwa kukaa kulia kwake na kuinua bapa la pembeni kabla halijagonga jiwe. Hatukuongea sana. Mimi si msemaji, na yeye alipofungua mdomo mara nyingi alikuwa anagombana na mtu ambaye hayumo ndani ya lori.

Kwa salamu hakuwa bahili. Huku kwetu kisiwani Cape Breton, Kanada, dereva akikutana na mwenzake hunyanyua kidole kimoja kutoka kwenye usukani. Effie alimnyanyulia kila mtu, hata wale aliokuwa amenuniana nao.

Kila Oktoba, majani yakishageuka mekundu, alichukua pikapu yake akazunguka pwani nzima peke yake hadi ncha ya kaskazini, kusafisha makaburi ya kwao kabla theluji haijaanguka. Alibeba ndoo, brashi, mkasi wa majani na biskuti za shayiri. Niliwahi kumuuliza kama nimsindikize.

"Wa nini? Utataka tusimame kila kona uangalie bahari."

Mwaka juzi, Oktoba ya kwanza tangu astaafu, aliondoka asubuhi akiwa tayari amekasirika, kwa sababu barabara ilikuwa imejaa wageni waliokuja kuona majani. Juu ya mlima gari moja lilisimama katikati ya njia, mlango wazi, na mwanamume mwenye kaptura akawa anapiga picha.

"Wee kaka!" Effie akapiga kelele. "Barabara si sebule!"

Yule bwana akacheka, akamletea kamera. "Mama, tafadhali, tupige mimi na mke wangu."

Effie akashuka, akawapiga picha, akarudisha kamera. Aliponisimulia alisema, "Nimewapiga miguu tu. Wakaitazame miguu yao huko walikotoka."

Saa sita akafika kwenye shamba la baba yake, akakuta geti. Geti la chuma, jipya, lina mnyororo na kufuli, na kibao kinachosema watu wasipite.

Shamba hilo alikuwa amemuuzia Whitlock, daktari wa meno mstaafu kutoka mjini, miaka minne nyuma. Siku ile walisimama kwenye nyasi, Effie akamwambia njia ya kwenda makaburini inabaki wazi. Whitlock akasema bila shaka. Wakapeana mikono. Kwetu sisi hapo ndipo mambo huishia. Hakuna anayeandika njia ya makaburi kwenye hati. Wakili alipomuuliza kama kuna jingine la kuongeza, Effie alisema hakuna. Sasa, mbele ya geti, alikumbuka neno lake hilo, na hasira aliyokuwa nayo kwa Whitlock ikawa mara mbili, maana nusu ilikuwa ya kujikasirikia mwenyewe.

Ng'ambo ya geti, juu ya jabali, alilala mama yake, na pembeni mumewe Alec. Kwenye jiwe la Alec jina la Effie lilikuwa limeshachongwa, pamoja na mwaka wa kuzaliwa. Ulibaki mwaka mmoja tu wa kujaza.

Hakugusa kufuli. Aliangalia bawaba, akaona fundi hakuweka kizuizi kwa juu. Akatoa jeki, akalinyanyua geti kutoka upande wa bawaba, akalisukuma, akapita na pikapu. Hakwenda makaburini. Alikwenda nyumbani kwa Whitlock, nyumba iliyokuwa ya baba yake, akaingia kwa mlango wa jikoni bila kubisha, kama alivyoingia jikoni mle maisha yake yote.

Whitlock alikuwa anakunywa supu. Kijiko kikamwanguka.

"Umeingiaje humu?"

"Kwa mlango. Wewe unaingiaga kwa dirisha?"

"Mama, hii ni nyumba ya mtu!"

"Na lile ni kaburi langu. Umenifungia kaburi langu mimi, na bado sijafa! Nikifa watanipitisha wapi, baharini?"

"Watu wa picha wanakuja mpaka barazani kwangu," Whitlock akasema. "Na hati haisemi chochote kuhusu njia."

"Mkono wako ulisema."

"Nitaita polisi."

"Waite. Wako upande wa pili wa mlima, na wiki hii barabara ni wapiga picha watupu. Saa mbili, wakijitahidi." Akachukua birika, akaliweka juu ya jiko, akavuta kiti. "Chai itakuwa imeiva."

Akakaa, na koti hakuvua. Whitlock aliishika simu, akaiweka, akaishika tena. Mwishowe akaingiza mkono mfukoni, akatoa ufunguo wa kufuli.

"Haya, chukua. Yaishe."

"Sitaki ufunguo. Ufunguo unanipa leo, kesho unabadilisha kufuli. Andika."

"Niandike nini?"

"Effie Buchanan na watu wake, wazima na maiti, watapita daima. Weka sahihi. Jumatatu tunakwenda kwa wakili, mimi na wewe, kwenye gari langu."

Aliandika. Effie alimrudishia mara mbili kwa sababu aliruka neno "maiti".

Ndipo akaenda kusafisha. Alikata nyasi, akasugua jiwe la mama yake, kisha la Alec, kisha akachokonoa kuvu kwenye herufi za jina lake mwenyewe. Nilidhani aliporudi angekuwa ametulia, kwa kuwa alikuwa ameshinda. Alinirushia ile karatasi kwenye meza yangu.

"Soma! Kilomita zote zile naendesha, halafu nahitaji kibali cha daktari wa meno ili nimwone mume wangu!"

Jumatatu walikwenda kwa wakili kweli, na njia ikaingia kwenye hati.

Oktoba iliyopita Effie alikwenda tena, peke yake. Geti lilikuwa wazi, limezuiwa kwa jiwe, mnyororo hakuna. Whitlock alikuwa anatoka na gari lake wakati yeye anaingia. Alikuwa ameshajifunza ya kwetu, akanyanyua kidole kimoja kutoka kwenye usukani.

Effie akaushika usukani wake kwa mikono miwili, akapita.