Doa Chini ya Kisigino

Mimi ni fundi wa malori hapa Busia, na kwa fundi wa malori doa jeusi mwilini si habari. Nikiliona shingoni naliita grisi, nikiliona sikioni naliita grisi. La kisiginoni nalo nikaliita grisi, nikaendelea na kazi.

Aliyelikataa ni fundi cherehani mmoja mzee, ambaye msikitini huswali safu ya nyuma yangu. Nikisujudu, nyayo zangu ziko mbele ya macho yake. Siku moja, tulipomaliza kuswali, akanigusa bega.

"Wewe, udhu yako hapana kamili. Mguu iko na oili. Maji nafikaje kwa ngozi?"

Niliudhika. Nikasugua kwa petroli, kwa jiwe, kwa sabuni ya unga. Doa halikutoka, na kila Ijumaa mzee ananitangaza, "Hata leo iko." Mwishowe tukafikishana kwa imamu, mimi nimenuna, unyayo juu kama mtoto anayetolewa funza. Imamu akalikwangua kwa kucha.

"Huu si uchafu, ni ngozi yenyewe. Udhu wake ni sahihi. Ila aende hospitali."

Nilitoka kifua mbele, mshindi wa kesi. Ile sentensi ya mwisho sikuisikia. Mzee aliisikia. Kesho yake akaja gereji, akanitoa chini ya lori, tukaenda hospitali ya Tororo.

Daktari alitazama kingo za doa zilizokwenda ovyo, na weusi wake usiolingana, akauliza kama limekua. Nikasema sijui.

"Imekua," mzee akadakia. "Mwaka jana ilikuwa kama kifungo ya shati. Sasa ni ya koti."

Daktari akanipiga ganzi, akakata kipande kidogo kikapimwe maabara. Majibu yaliporudi, ikawa ni saratani ya ngozi. Nikamwambia hiyo ni ya Wazungu wanaoungua jua. Akanieleza kwamba weusi wetu hutukinga na jua, lakini aina hii haingoji jua. Huota kwenye nyayo, viganja, hata chini ya kucha. Niliogopa. Nikamwuliza kama mguu unakatwa.

Akasema tumewahi. Wangeondoa doa pamoja na nyama ya pembeni, wachunguze tezi za kinenani kama ugonjwa umepanda, kisha wazibe kisigino kwa ngozi ya pajani. Wakafanya hivyo. Tezi zilikutwa salama, na mguu ninao.

Lakini ugonjwa huu huweza kurudi, kwa hiyo sharti nikaguliwe mara kwa mara. Hospitali nakwenda nikiitwa; katikati ya miadi, mzee hunikagua kila Ijumaa nje ya msikiti, na wapita njia wanatucheka. Juzi malaria ilimlaza, hakuja kuswali. Nilimfuata kwake, nikavua kiatu kando ya kitanda chake kabla hata ya kumpa pole.