Chupa ya Zamani Ndiyo Madamu Anayoijua

"Nusa! Nusa tena, halafu unitazame machoni uniambie ni ile ile!"

Tecla alikuwa ameweka chupa mbili juu ya kaunta ya Beverly, moja tupu na moja imejaa, na alikuwa anazigonga kwa kidole kama mwalimu anayegonga vichwa vya watoto wawili waliopigana. Mimi nilikuwa nimekalia kreti ya soda karibu na mlango. Nilimsindikiza kwa sababu ni jirani yangu, na pia kwa sababu siku ya soko Ndanai bila ugomvi ni kama ugali bila mboga.

"Mama Winny, ni ile ile," Beverly akasema. "Wameiboresha tu. Ona kifuniko cha dhahabu. Hii ni limited. Wametengeneza chache, zikiisha zimeisha. Nairobi watu wanaipigania."

"Wacha waipiganie! Ng'ombe wangu hajafika Nairobi!"

Beverly ni msichana mzuri, sitamsengenya. Watu wake walitoka upande wa ziwa kuja kufanya kazi kwenye kiwanda cha chai, yeye akazaliwa huku huku, na Kipsigis anaongea kuliko wajukuu wangu. Lakini mfanyabiashara ni mfanyabiashara. Ukimuuliza kama mvua ni maji, atakuambia ni maji yaliyoboreshwa.

"Ng'ombe anaingiaje kwa mambo ya manukato?" akauliza, na akacheka.

Hapo alikosea. Tecla hachekwi. Mishipa ya shingo ilimsimama, na mimi nikasogeza kreti yangu nyuma kidogo, maana uzee wangu ninaupenda.

Nitawaambia ng'ombe anaingiaje.

Tecla alikuwa mchuma chai huko Kericho, kwenye shamba kubwa, akiishi kwenye nyumba za laini, zile za wafanyakazi, pamoja na mume wake. Huyo mume alienda mjini siku moja kutafuta kazi nzuri zaidi. Akapata kazi, na mke wa kuendana nayo. Tecla akabaki na Winny mgongoni na kikapu juu ya Winny. Jirani yake pale laini alikuwa mama mmoja anaitwa Ayoo, ambaye ndiye alimshika siku ya kujifungua. Ayoo alipostaafu kurudi kwao ziwani, alimwachia sufuria mbili, kitanda, na chupa ya manukato ya Malkia Vanila iliyobaki nusu. Akamwambia, "Ukijipaka hii, hutasikia harufu ya kuachwa."

Asubuhi iliyofuata Tecla akajipaka shingoni na mikononi, akaingia chai akinukia kama bibi harusi. Sasa, yeyote aliyezaliwa huku anajua majani ya chai yana masikio na pua. Ukiyashika na mkono wa kitunguu, yanakuwa kitunguu. Ukiyaweka karibu na mafuta ya taa, hata Mwingereza huko kwao atainywa taa. Tecla alijua, lakini siku hiyo moyo ulimpita akili. Alipofika kwenye mizani, karani, Nyang'au, akaingiza pua ndani ya kikapu chake, akaitoa, akauliza mbele ya foleni nzima:

"Mama, hii ni chai ama ni keki?"

Watu walicheka mpaka mwingine akamwaga yake. Kikapu cha Tecla kikamwagwa chini kwenye matope, jasho la siku nzima, na yeye akasimama pale akiangalia majani yakikanyagwa. Hakulia. Aliniambia mwenyewe, miaka mingi baadaye, alichosema moyoni: Siku nitakayotoka kwenye chai ya watu, nitanukia kila siku ya Mungu, na hakuna mwanaume ataingiza pua kwenye kikapu changu tena.

Akatoka. Alirudi kwao hapa Ndanai na kiinua mgongo chake, akanunua ng'ombe mmoja. Ng'ombe akazaa, akafa siku ya tatu. Akabaki ndama wa kike, miguu kama vijiti vya kuwashia moto, analia. Tecla alimlea kwa mkono: vidole ndani ya ndoo ya maziwa, ndama ananyonya vidole, na kwenye vidole hivyo, asubuhi na jioni, Malkia Vanila. Ndama hakuwahi kujua mama wa manyoya. Mama yake alikuwa harufu.

Ndiye huyo Madamu. Tulimpa jina hilo kwa sababu anatembea kama mwalimu mkuu anayekagua mistari. Hakuna mtu mwingine anayemkamua. Mwanangu alijaribu, akatupwa juu ya ua, akatua kwenye boma la mchungaji wakati wa maombi, na watu wawili wakaokoka. Mnacheka? Waulizeni waliookoka.

Sasa siku kumi zilizopita chupa ya zamani iliisha. Tecla akaja kwa Beverly, Beverly akampa hii ya kifuniko cha dhahabu, akaapa kwa jina la mama yake. Jioni hiyo Madamu akamnusa Tecla mkononi, akamnusa shingoni, akamtazama kama mtu aliyepata mgeni amelala kitandani mwake, kisha akafunga maziwa. Kiwele kimejaa kama ngoma na hakuna hata tone. Tecla akaoga kwa sabuni ya mche, akaenda mtupu wa harufu yoyote. Teke. Akavaa sweta ya zamani. Nusu kikombe, halafu teke. Anayefaidi ni ndama wake peke yake, amenenepa kama mheshimiwa.

Na wageni wa koito, siku ya kupatana mahari, wanakuja Jumamosi ya wiki ijayo. Watu wa Kipkemboi, kijana wa Sotik anayetaka kumwoa Winny. Wakikaa chini, kabla ya neno moja la ng'ombe wa mahari kutamkwa, watapewa mursik, maziwa yetu ya kugandisha, kutoka kwenye sotet, kile kibuyu kinachosuguliwa ndani kwa makaa ya mti. Na maziwa yake lazima yatoke zizi la nyumba ya binti. Huwezi kutia maziwa ya pakiti. Huwezi kuazima kwangu, na hata ungetaka, ng'ombe wangu ana mimba, amekauka. Sotet kubwa ya wageni haijazwi kwa siku moja, na maziwa hayakomai kwa kuyaomba. Yakikosekana kuanzia jioni ya leo, wakwe watakaa pale midomo mikavu, na watarudi Sotik wakisema nyumba ya mwanamke aliyeachwa haina hata tone la kumkaribisha mtu.

Hilo ndilo lililompandisha Tecla sauti pale dukani. Manukato yenyewe hayakuwa kitu.

"Sikucheka kwa ubaya, Mama Winny," Beverly akasema baada ya kuelezwa yote kwa sauti iliyofika kwa wauza viazi. "Lakini kusema ukweli, hiyo ni shida ya ng'ombe. Manukato ni yale yale. Muulize Gogo hapa, ni mtu mzima, hana upande."

Akaniita mimi, nyanya wa kila mtu hapa. Niliinuka polepole, maana mtu akiitwa kuwa hakimu asikimbie. Pua yangu inajulikana. Mwaka ule wa mvua kubwa nilimnusa mwizi wa kuku kutoka ng'ambo ya mto Kipsonoi, nikataja jina lake, jina la baba yake na alichokula mchana.

"Leta mikono," nikamwambia Beverly. "Wa kulia weka tone la chupa mpya. Wa kushoto, geuza ile tupu uipige matako mpaka itoe machozi."

Akafanya. Tone la mwisho la chupa ya zamani lilitoka kwa shida kama mwanaume anayeomba msamaha.

Nikanusa wa kushoto kwanza. Mwanzoni inakupiga kama spiriti ya hospitali ya Longisa, unafunga jicho moja. Usikimbie. Subiri. Halafu yanakuja maandazi, yale ya maziwa, yakitolewa kwenye mafuta. Na chini ya maandazi, mbali kabisa, kuna moshi. Moshi mtamu, kama ule unaotoka ndani ya sotet ukifungua kifuniko. Hapo nikaelewa Madamu vizuri. Harufu hiyo haikwambii uzuri wake mlangoni; inakwambia ukishakaa.

Nikahamia wa kulia. Loo! Utamu wote mlangoni. Peremende, maua, kitu kama mafuta ya nazi ya kupaka watoto. Inakukumbatia kabla ya kukusalimia. Nikahesabu pumzi kumi, nikanusa tena. Maua yameondoka. Pumzi kumi nyingine, peremende nayo imeondoka. Kilichobaki ni sukari iliyoungua sufuriani. Hakuna andazi wala moshi.

"Sasa?" Beverly akauliza, mikono yote miwili hewani kama mtu anayeibiwa.

"Mkono huu ni wa mama," nikasema. "Huu mwingine ni wa mgeni aliyekuja na biskuti na akaondoka kabla ya vyombo kuoshwa."

"Umesikia!" Tecla akapiga kaunta mpaka vibanio vya nywele vikaruka. "Umesikia wewe! Ungeniambia, 'Mama Winny, hii ni kitu kingine,' ningekataa ama ningekubali mwenyewe. Lakini uliniambia ni ile ile!"

"Kwenye boksi wameandika ni ile ile! Mimi nauza kilichoandikwa!"

"Basi ng'ombe wangu hajui kusoma!"

Na mimi pia hasira zikanipanda, nisiwafiche. Kwa sababu si manukato peke yake. Kila kitu wanachukua, wanakivalisha kofia mpya, wanatuambia kimeboreshwa. Sabuni imeboreshwa, imekonda. Mbegu za mahindi zimeboreshwa, hazizai mara ya pili. Hata chumvi wameiboresha, sijui mtu anaboreshaje chumvi. Na ukisema kilikuwa kizuri jana, wanakuambia Gogo umezeeka. Nimezeeka ndiyo. Pua haijazeeka.

"Niambie kitu kimoja," Tecla akasema, na sasa sauti yake ilishuka, na ndiyo iliyonitisha zaidi. "Za zamani ziliisha zote?"

Beverly akaanza kupanga mafuta ya nywele ambayo yalikuwa yamepangika tayari.

"Beverly."

"Ilibaki moja nyuma ya maboksi, niliiona ukishaondoka," akasema akiitazama rafu.

"Iko wapi?"

"Nimeuza. Ijumaa."

"Ijumaa! Na mimi siku hiyo nilipita hapo nje nikakupungia mkono na ng'ombe anateseka!"

"Ningejuaje habari ya ng'ombe? Ulinipungia mkono tu, mama, hukusema 'ng'ombe'!"

"Uliuzia nani?"

"Siwezi kusema."

"Wewe ni daktari sasa?"

"Aliniomba nisiseme! Alisema ana shughuli kubwa ya watu, anataka kunukia, na hataki wanawake wa huku wamwige kabla ya siku yenyewe."

Nikaona nitumie ujanja wa kizee. Nikamwambia Beverly kwamba huko kwetu kuna muuza duka alificha jina la mnunuzi namna hiyo, na mpaka leo akifungua mdomo sauti inayotoka ni ya mbuzi, na bibi yake amemzoea. Beverly akanitazama.

"Gogo, hiyo uliniambia mwaka jana, na alikuwa jogoo."

"Alianza na jogoo," nikasema.

Tecla hakucheka. "Sitaki kumnyang'anya," akasema. "Sikia. Nitampelekea maziwa. Nitamlimia. Nataka matone matatu kila asubuhi na jioni, mpaka sotet ijae. Matone matatu! Niambie tu ni wa wapi."

Beverly akalegea. Naye ana mama. "Si wa hapa," akasema. "Ni wa Sotik. Mrefu, ana pengo hapa mbele, na mwavuli wa kijani wa kanisa hata kukiwa na jua. Alisema leo atarudi kuchukua kitambaa cha kichwa cha kuendana na nguo."

Mimi nikasikia kitu kikinigusa kisogoni. Mrefu, pengo, mwavuli wa kijani. Mtu wa namna hiyo nilikuwa nimemwona mahali, kanisani, siku Winny alipotuonyesha watu wa upande ule. Nikafungua mdomo nimwambie Tecla. Lakini Tecla akishaanza kuteremka hasimamishwi. Siku kumi za mateke na miaka ya kikapu kile kilichomwagwa, vyote vilikuwa vinakuja kwa pamoja.

"Mwache aje!" akasema, ameupa mlango mgongo. "Mwanamke mzima anaficha chupa kama mwizi wa mayai! Anataka kunukia, ananukia kwa nani, na pengo lake? Akiingia hapa nitamfunga kamba shingoni, nimkokote mpaka zizini, asimame mbele ya Madamu kama ndoo, na hatatoka hapo mpaka—"

Pazia la mlangoni likasogea.

Harufu ndiyo iliyotangulia. Spiriti kwanza, nikafunga jicho moja. Halafu maandazi. Halafu, chini kabisa, moshi. Tecla akaisikia kabla hajageuka. Niliona mabega yake yakisimama. Kisha ukaingia mwavuli wa kijani, na nyuma ya mwavuli akaingia Janeffer, mama yake Kipkemboi, akitabasamu na pengo lake lote, mikono imeshanyooshwa.

"Chamgei, mama ya mtoto wetu!" akasema, na akamkumbatia.