Mume Wangu Aliisoma Siri Niliyomfichia, Akanigeuzia Kibao Mbele ya Ukoo

Admin, usiweke jina langu wala picha, maana huku Morogoro tunafahamiana. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na sita, nina steshenari ndogo ya kuchapa na kutoa kopi hapa mjini. Niko kwenye ndoa mwaka wa tisa sasa, sijajaliwa mtoto. Naandika nikiwa na hasira, mnivumilie.

Miaka miwili iliyopita mimi na mume wangu tulipima. Majibu nilikwenda kuyachukua peke yangu, yeye alikuwa zamu kiwandani. Nikaambiwa mimi sina shida, tatizo liko kwa mume wangu, tena kubwa. Nililia njia nzima nikimwonea huruma. Nilipofika nyumbani nikamwambia, "Wote tuko sawa, tumwachie Mungu." Karatasi nikaificha. Mtu pekee niliyemwambia ukweli ni dada yangu aliyeko Tanga. Nilimwandikia siku nyingine baadaye nikiwa dukani, kwenye laptop ya zamani ambayo mume wangu mwenyewe aliniletea ikiwa imeshatumika.

Mwaka jana mama mkwe akaitisha kikao kwao Kinole, kule mlimani. Mjomba wangu aliyenilea akaitwa, maana kwetu Waluguru mjomba ndiye mwenye neno. Mume wangu akasimama akasema, "Nimemsitiri muda mrefu. Daktari alishasema mwenzangu hazai." Mama yake akadakia, "Mgomba usiotoa mkungu unakula mbolea bure." Mjomba wangu, mzee wa miaka sabini, akavua kofia akawaomba radhi kwa niaba ya ukoo wetu. Aliomba radhi kwa kosa ambalo halipo! Nami nikanyamaza. Nilijiambia, huyu hajui, anaropoka kwa uchungu. Siku hiyo hiyo wakakubaliana aoe mke wa pili.

Sasa mwezi uliopita laptop ikawa nzito, kufungua barua moja ya mteja mpaka nakunywa chai namaliza. Nikaipeleka kwa fundi, mama mmoja mtu mzima wa Kihonda asiye na maneno mengi. Mchana akanipigia: "Mdogo wangu, njoo, na usije na mtu." Nilipofika akanionyesha programu iliyojificha ndani. Ilikuwa inapiga picha kila ninachoandika na kuituma kwenye barua pepe fulani. Nikaisoma ile anwani mara mbili. Ilikuwa ya mume wangu.

Picha zilikuwa bado zimo, kila moja na tarehe yake. Nikaikuta barua yangu kwa dada: "Tatizo ni lake, lakini sitamwambia, litamvunja moyo." Picha yake ilitumwa kwa mume wangu wiki tatu kabla ya kikao.

Kumbe alijua. Alisimama mbele ya mjomba wangu akijua.

Fundi akaniuliza, "Niitoe hii programu?" Nikamwambia, "Futa kila kitu, nisibaki na hata harufu yake." Akahifadhi ushahidi na kazi zangu kwenye flashi, akaifuta laptop yote, akaniwekea mfumo mwingine kabisa wa kuendesha kompyuta, wa bure, uliotengenezwa kwa ajili ya usalama. Printa ilitusumbua nusu siku, ila mashine kuukuu ile ikawa nyepesi kuliko nilivyoletewa. Diski nzima imefungwa kwa nenosiri. Hata ukiichomoa ukaipeleka kwingine, huambulii kitu. Akanifundisha kutumia sentensi ndefu badala ya neno moja. Nikachagua sentensi ya Kiluguru, tena ya matusi. Kila asubuhi namtukana mume wangu ndipo kompyuta inafunguka.

Siku ya tatu tukiwa tunakula akauliza, "Kompyuta yako siku hizi haiwaki?" Sikuwa nimemwambia lolote. Nikamwongezea mchuzi. "Inawaka vizuri tu, baba." Kesho yake akaja dukani, akaiwasha, akagonga ukuta wa nenosiri. "Umeweka nini humu?" Nikamjibu, "Ulinzi. Fundi anasema siku hizi wezi wamo humo humo ndani." Akaifunga akatoka. Nilisikia raha ambayo sijaisikia miaka.

Ndoa yake ya pili ni Ijumaa ijayo. Nimetoa kopi ishirini za majibu ya hospitali pamoja na ile barua, nimezitia kwenye bahasha, kila moja na jina la mtu aliyekuwepo kikaoni. Nataka mama mkwe asome kwa macho yake. Nataka mwanawe amwombe radhi mjomba wangu mbele ya watu wale wale.

Kinachonitatiza ni hiki. Juzi binti anayeolewa alikuja dukani. Ana miaka ishirini na mbili. Akapiga goti: "Shikamoo dada. Nimeona nisiingie nyumbani kwako kama mwizi." Kisha akanishika mkono, "Mungu akinijalia, wa kwanza nitakupa wewe umlee." Nilikuwa nimejiandaa kumchukia, nikajikuta namvutia kiti akae.

Nikimnong'oneza peke yake ataondoka kimya kimya, na mume wangu atabaki msafi. Nikingoja Ijumaa nitakuwa nimelipa kisasi changu, lakini yule mtoto wa watu ataaibika akiwa na hina mikononi. Nikinyamaza, baada ya miaka miwili naye ataitwa tasa kwenye kikao.

Msiniambie nisamehe, hilo dada yangu ameshaniambia na sikumsikiliza. Nishaurini jambo moja tu: bahasha hizi nizitoe lini, na ya kwanza nimpe nani?