Nilivyokwenda Kuposa na Fizibo Mdomoni

Hapana, shule sikwenda hata siku moja, wala hilo neno sikulisoma popote, nililiokota kwa bwana shamba pale Naipingo, na kama mnataka kucheka chekeni sasa hivi kabla sijaanza, maana aibu niliyoipata nalo Ruangwa, mbele ya wakwe, wali uko jikoni, mpaka leo nikiikumbuka najifunika kanga usoni hata nikiwa peke yangu. Lakini nasema alhamdulillahi, aibu yangu ilikutana na mtu mwema.

Bwana shamba mwenyewe kijana mwembamba, anaongea kama kabanwa pua (ngojeni niwaonyeshe): "Akina mama, kupanda ufuta kwa mistari ni fizibo." Mimi nami mdomo wangu hauna mlango, nikamuuliza, baba, hiyo fizibo inaliwa na nini? Akacheka, kisha akanieleza vizuri, Mungu amlipe, kwamba ni jambo ambalo ukilipima na nguvu zako na shamba lako na siku ulizonazo, unaona kweli litafanyika. Na si sawa na kusema zuri, maana jambo linaweza likawa zuri na fizibo lisiwe, bibi wewe kulima heka kumi kwa jembe la mkono ni kuzuri sana, lakini ni fizibo? Nikamwambia hapo umenena, fizibo sio.

Basi neno likanikaa. Kuku mmoja kwa wageni sita, fizibo? Kisamvu bila karanga, fizibo, ila mimi msinikaribishe. Jirani yangu akaja kunihadithia kwamba mumewe kaapa kuacha pombe, nikamwambia mwenzangu, zuri hilo, fizibo sio (siku mbili hakunisalimia). Na wote wananielewa, nami naona raha, kumbe najitengenezea.

Sasa mjukuu wangu Shaibu, mtoto wa marehemu binti yangu, ndiye ninayekaa naye na ndiye anayenipulizia dawa mikorosho, mimi namwita mume wangu, huyo akapata mchumba, Zuhura, huko Ruangwa vijijini. Wa kusema kwenye posa ni mjomba wake, yaani mwanangu Hasani, lakini Hasani mbele ya watu anakauka, ukimuuliza jina lake anamtazama mkewe, kwa hiyo akaniomba mimi niwe mdomo wa ukoo. Njia nzima ananifundisha kama mtoto wa madrasa: "Mama, mshenga hajibu. Wakisema lolote, wewe sema tumesikia, tutafikisha." Nikamwambia nyamaza, nimeposea watu wewe hujazaliwa. Na ni kweli nalijua, mshenga kazi yake kubeba maneno kwenda na kurudi, akishakubali yeye, ukoo mzima umekubali.

Tukafika, tukakalishwa mkekani. Msemaji wao ni mjomba wa binti, Mzee Selemani, sauti yake kama mtu anayeongea ndani ya pipa. Mama yake, ndiye bibi wa Zuhura, kikongwe kama mimi, kakaa kwenye mlango wa jikoni, kimya. Zuhura yuko nyuma ya pazia. Na pembeni kuna jirani yao mmoja, mwalimu wa kike, nadhifu, kavaa miwani. Ile miwani ndiyo iliyoniponza. Nikajisemea leo huyu atajua kwamba na Naipingo kuna watu.

Mzee Selemani akaanza (pipa hilo): sisi msimu huu tunataka kijana aje atulimie, tuione mikono yake. Wallahi ile "tumesikia" ilikuwa tayari kwenye ulimi, imekaa, imevaa viatu. Ikatoka fizibo.

Wakatazamana, wakamtazama mwalimu, mwalimu akainua miwani, akasema bibi anasema inawezekana. Vigelegele. Nyie, mtu akikupigia vigelegele uzeeni, akili inakwenda kutembea. Wakasema nyumba ya mama mkwe iezekwe bati. Fizibo. Harusi iwe Ijumaa ijayo. Fizibo. Hasani anakohoa, kikohozi cha mtu mzima wa afya, nami nikamwambia mwanangu, kunywa maji. Kijana ahamie huku moja kwa moja, mambo ya kwenu ayaache. Fizibo. Na huyu bibi mwenye Kiingereza, akasema Mzee Selemani, tukimbakiza hapa awe mke wangu wa pili? Fizibo, nikasema, na mkewe huko jikoni akadondosha sufuria.

Watu wakacheka mpaka wakalala, isipokuwa Hasani, aliyekuwa ananitazama kama mtu anayetazama nyumba yake ikiungua. Akaniinamia sikioni. "Mama, katika hayo, kipi kinawezekana?"

Ndipo nikapima, kama nilivyofundishwa. Shaibu bati hana, Ijumaa ijayo hata nguo ya harusi haijashonwa, na akihamia huku moja kwa moja, mimi pale nyumbani nabaki na nani, nani ananiteremshia ndoo? Nikinyamaza, mtoto ataoa kwa ahadi nisizoziweza na watamfukuza kama mwongo. Nikisema, posa inavunjika leo, na Zuhura yuko hapo hapo nyuma ya pazia anasikia. Nikavua kilemba cha kanga, nikakiweka mkekani, nikawaambia wakwe zangu, nisameheni, yale yote nimejibia Kiingereza, kwa Kiswahili, ukiacha kulima, hakuna linalowezekana, nilitaka tu mwalimu anione.

Mwalimu akaangalia chini. Mzee Selemani kicheko kikamkauka, akasimama, akasema neno la posa halirudishwi, na waliokuja kuwadanganya watu wachukue viatu vyao. Hasani kandambili keshazishika. Nyuma ya pazia nikasikia mtoto wa watu anavuta kamasi, na mimi, mwenye mdomo, sikuwa na neno, si la Kizungu si la Kimwera.

Tangu siku ile fizibo nimemrudishia bwana shamba mwenyewe, na penye wakwe mimi nasikia tu. Zuhura, mke mwenzangu, ndiye anayenipikia sasa, na Shaibu akishawasaidia kule kupanda anarudi kwenye mikorosho yetu. Kila tukivuna ufuta, wa kwanza kupelekewa fungu lake ni yule bibi wa mlangoni, na kila nikiswali namtaja, kwa sababu angeweza kukaa kimya kama alivyokaa tangu tuingie, na asingelaumiwa na mtu. Siku ile alinyanyuka kwa shida, akashika mwimo wa mlango, akamwambia mwanawe:

"Selemani, ulipoposa wewe mshenga nilikuwa mimi, na katika niliyowaahidi wakwe zako hujatimiza hata moja mpaka leo. Kaa chini, wali unapoa."