Pumzi ya Mohdhar Haimo Kwenye Santuri

Mohdhar wa Likoni alipuliza tarumbeta miaka mingi katika bendi ya jazi, na mamake alikufa bila kumsikia. Hilo nalitanguliza, maana kila nikilikumbuka nakasirika, na hasira ikipoa nabaki na huruma tu.

Mchana alikuwa kuli bandarini. Nyumba yao ilipakana na yangu. Uani mwao amu yake, Mwalimu Mbarak, alisomesha chuo, na penye watoto wanaosoma Kurani hapakupulizwa tarumbeta. Kwa hiyo Mohdhar alifanyia mazoezi Changamwe, chumbani kwa Musyoka, mwenzake wa bendi. Mamake, Bi Mwanakheri, hakuwa mtu wa kuingia kwenye dansi hata kwa dawa. Alichongojea ni santuri.

"Ikitoka nitakuja kumsikiliza kwako, Kulthum," aliniambia, kwa sababu mtaani petu gramafoni ilikuwa yangu.

Mwaka wa hamsini na tisa bendi ikaitwa mjini kurekodi. Kwenye dansi walikuwa na mpango wao: Musyoka alifungua wimbo kwa tarumbeta yake, mwimbaji akaimba mpaka akatosheka, kisha Mohdhar akafunga, watu walipokwisha kupata moto. Lakini santuri za siku hizo, uso mmoja haukuzidi dakika tatu. Kiongozi wa bendi akamsihi aingie mapema, baada ya ubeti wa kwanza. Mohdhar akakataa. Yeye ni wa mwisho, alisema, hawezi kuuparamia wimbo kama mwizi wa kuku. Uhondo wa ngoma uingie ucheze. Yeye alisimama na tarumbeta mdomoni akingoja zamu yake, na mwenye studio akashusha mkono. Sahani imejaa, naye hajapuliza hata mara moja. Walipoomba kurudia, mwenye studio alisema wimbo umetoka sawa, hana sahani za kuchezea.

Santuri ilipofika, Bi Mwanakheri alikuja kwangu pamoja na Mohdhar, kavaa buibui jipya, kana kwamba anakwenda arusini. Nikaweka sindano. Tarumbeta ya Musyoka ikalia mwanzoni, fupi na safi. Mama akamgeukia mwanawe.

"Ni wewe huyo?"

"Ndimi, mama."

"Mashallah. Na mimi siku zote nikidhani ni makelele."

Tangu hapo haikupita wiki asije. Alileta na wageni, akawanyamazisha pale mwanzoni, kisha yeye mwenyewe akaanza kuzungumza kabla wimbo haujafika nusu. Mohdhar alinieleza ukweli pembeni. "Usimwambie, dada Kulthum. Santuri ya pili inakuja, humo nitaingia mapema." Haikuja. Wenye studio sasa walitaka magitaa.

Mwaka mmoja kabla ya Uhuru Bi Mwanakheri akalala kitandani, hali mbaya. Mwalimu Mbarak alikuwa amekwenda Lamu kwa Maulidi, chuo kimefungwa, uani kimya. Nilikuwa nikimnywesha uji.

"Mohdhar, amu yako hayupo," alisema. "Nipulizie ule mwanzo, kidogo tu. Nataka kuona mashavu yako yanavyojaa."

Mohdhar alitazama chini. "Tarumbeta iko Changamwe, mama. Nitaileta kesho inshallah."

Niliielewa hofu yake. Pumzi yake ilikuwa nzito, ina mkwaruzo, na mamake alikuwa ameihifadhi ya Musyoka kwa moyo. Angepuliza, angejulikana. Lakini wallahi nilitaka kumzaba kofi. Mama mgonjwa anataka mashavu ya mwanawe, wewe wamwambia habari za kesho?

Alifariki kabla ya kesho hiyo. Tulipokisogeza kitanda ili tumkoshe, mguu wangu uligonga kitu kimefungwa shuka. Ilikuwa tarumbeta. Kumbe Mohdhar alikuwa akiificha pale, amu yake asiione.

Nilimpelekea nje, kwenye majamvi ya wanaume. Aliipokea kwa mikono miwili, akaniuliza kwa sauti ya chini kama mama alijua kwamba ilikuwa pale chini yake. Nikamwambia sijui. Na mpaka leo sijui.